Mwanafunzi wa Kiswahili Alale Uswahilini

Kwa wakuu na walimu wa vyuo na vituo vinavyofundisha Kiswahili kwa wageni,
Dar es Salaam na Zanzibar.

YAH: SIKU ZA KWANZA ZA MWANAFUNZI MGENI



Barua hii inatoka Mbagala, Temeke. Anayeiandika hana chuo wala kituo. Ni mkazi wa kawaida aliyechoka kuwaona wanafunzi wenu wakipita Barabara ya Kilwa ndani ya gari lililofungwa vioo, wakienda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani. Wametoka Berlin, Beijing na Boston kuja kujifunza lugha ya watu, na gari linawapitisha mbele ya watu hao bila hata kusimama Rangi Tatu wanunue maji. Mkazi huyu ana hoja tano na maombi sita. Ameyapangia utaratibu ili mkijibu ijulikane mnajibu lipi.

Kazi yenu inafahamika na inaheshimiwa. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ndiyo iliyozaa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili iliyoingia chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, na leo kazi hiyo inaendelezwa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Visiwani, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI) ilianza kupokea wageni pale Vuga tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kule Musoma, chuo cha lugha cha Makoko kimewafundisha mapadre na masista kutoka nchi nyingi. Hakuna anayesema hamjui sarufi. Mnaijua kuliko wenye lugha. Malalamiko yanahusu mahali mnapomweka mwanafunzi darasa likiisha, hasa zile wiki mbili za mwanzo ambapo masikio yako wazi na aibu bado haijamfunga ulimi.

1. Mnawalaza mahali pasipowalazimu waseme Kiswahili

Ratiba ni ileile kila mwaka. Mgeni anatua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, anapokewa na dereva aliyeshika kibao chenye jina lake, anapelekwa Masaki, Msasani au Mikocheni. Au anapandishwa boti, na saa mbili baadaye yuko Unguja, anaburuta sanduku kuelekea nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe. Asubuhi anasoma. Mchana anakula na wanafunzi wenzake, ambao nao ni wageni. Jioni wanakwenda Forodhani, ambako muuza juisi ya miwa anawasalimia kwa Kiingereza, Kiitaliano na Kipolandi kabla hawajafungua midomo.

Mji Mkongwe ni mji wa kuutembelea. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na anayeona milango yake ya kuchonga hashangai. Lakini nyumba nyingi zilizokuwa za familia sasa ni hoteli, na mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Papasi wa Shangani, kijana wa kuongoza watalii, anakula kwa kujua lugha za watu. Kumtaka asimame dakika kumi amsikilize mwanafunzi akitafuta kitenzi ni kumnyima riziki. Waunguja wengi wa mjini wanaishi upande wa pili wa barabara ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari: Kikwajuni, Mwembetanga, Jang'ombe, Ng'ambo yote ile. Wanafunzi wenu wanafika Darajani, wanapiga picha za samaki, wanarudi walikotoka.

Masaki hali ni hiyohiyo. Mwenye Kiswahili cha kuzungumza na mgeni huko ni mlinzi getini na dada wa kazi jikoni, na wote wawili wako kazini. Watamjibu "ndiyo bosi" mpaka cheti kitoke.

Na huku je? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Wilaya ya Temeke na 982,328 Wilaya ya Kinondoni. Ondoa Masaki, ondoa Oysterbay, bado unabaki na Mtoni, Tandika, Keko, Yombo, Charambe, Tandale, Mwananyamala na Kawe; watu wanaoamka, wanaodaiana, wanaotaniana na kuzikana kwa Kiswahili kutwa nzima, bila kumsubiri mtalii.

2. Mnaanza na ngeli, mtaa unaanza na nauli

Twendeni Tandika sokoni, asubuhi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza amesimama mbele ya genge. Darasani ameshafaulu kuhesabu mpaka elfu kumi. Nyanya zimepangwa mafungu, nne chini na moja juu. Anauliza kwa sauti ya kusoma: "Mama, nyanya hizi ni shilingi ngapi?" Muuzaji, mikono imo kwenye bamia anazozipanga, anamjibu bila kuinua kichwa: "Fungu jero, mawili buku. Chukua mawili mwanangu, nikuongezee na ndimu."

Upatanisho wa nyanya mwanafunzi ameupata sawasawa. Jero (mia tano) hajawahi kuisikia, buku (elfu moja) hajawahi kuisikia, na ile "nikuongezee" imempita kama daladala lililojaa. Anatoa noti ya elfu kumi. Mama hana chenji. Wateja nyuma yake wanaanza kuguna. Kijana wa genge la pili anaingilia kwa Kiingereza, mauzo yanakwisha, na somo linafia hapohapo.

Angekuwa anaishi nyumba ya tatu kutoka pale, jioni mwenyeji wake angecheka kidogo, kisha angemwambia: kesho toka na hela ndogondogo, usiitoe noti kubwa kabla hujaijua bei, na ukiongezewa shukuru. Asubuhi angerudi genge lilelile, kwa mama yuleyule, naye mama angemkumbuka. Kurudi huko kwa mara ya pili, kwa mtu anayekujua, ratiba zenu hazikupi nafasi.

Ngeli zina siku yake, na siku hiyo lazima ifike. Lakini wiki ya kwanza ya mgeni inahitaji mambo manne: kupanda gari na kushushwa anapotaka, kununua, kusema panapomuuma, na kukataa. Kukataa peke yake ni somo zima. Atakaribishwa chakula kila mlango atakaobisha, ataombwa hela, dereva wa bodaboda atamposa kwa utani mbele ya watu. Asipojua kukataa huku anacheka, ataanza kuwakwepa watu, na akishaanza kuwakwepa hakuna kitabu kitakachomsaidia.

Utaratibu huu wa kuanza na watu kabla ya sarufi una historia. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864. Mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja ulitoka mwaka 1870, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake cha hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Alikaa na watu miaka kadhaa, akasimuliwa, ndipo mwongozo huo ukachapishwa.

3. Mnawaleta bila kupiga hodi

Mtaa una wenyewe. Kuna mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kuna mtendaji, kuna mjumbe anayejua nani amehamia chumba kipi na alitoka wapi. Wanafunzi wenu huteremshwa Tandale kwenye basi dogo wakiwa na karatasi za maswali, wanagawanywa wawiliwawili, wanaambiwa kila jozi ihoji watu watano. Watoto wanawafuata mkia mzima. Saa moja baadaye basi linawazoa. Aliyehojiwa hajui alihojiwa kwa ajili ya nini, na mwenyekiti amepata habari kwenye kijiwe cha kahawa.

Ndiyo maana watu wanawajibu kwa Kiingereza. Mwenyeji wa pwani akimwona mgeni anahangaika kutafuta neno, humwokoa kwa Kiingereza kidogo alichonacho, kwa sababu amelelewa kwamba mgeni hasumbuliwi. Hamjamwambia kwamba huyu amelipa nauli ya ndege ili asumbuliwe.

Wazee wetu waliosoma ng'ambo hawakupata huruma hiyo. Waliokwenda Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, Moscow, kilichofunguliwa mwaka 1960, walianza na mwaka mzima wa maandalizi ya Kirusi. Waliokwenda Ujerumani Mashariki, wengi walipitishwa Taasisi ya Herder kule Leipzig wakapikwa Kijerumani kwanza. Wakitoka kwenda kununua mkate, hawakumkuta muuzaji wa kuwabadilishia lugha. Iliwabidi waseme, wakosee, wachekwe, na baada ya hapo wakaingia kwenye mihadhara ya udaktari na uhandisi kwa lugha hizohizo.

Mjumbe mmoja akipita nyumba kwa nyumba na kusema, "Yule mgeni wa kwa Mama Fulani amekuja kusoma Kiswahili, msimsemeshe Kizungu," kazi ya mwezi mmoja wa darasani itafanyika kwa wiki. Watoto wataitekeleza amri hiyo kwa ukali kuliko mwalimu yeyote.

4. Wanaofundisha hawalipwi na hawatajwi

Mama mmoja wa Kizuiani alimpokea mwanafunzi kwa mwezi mzima kupitia kituo ambacho hakitatajwa hapa. Alimwachia chumba chake, akahamia sebuleni na wanawe. Alinunua chandarua kipya. Alimfundisha kukuna nazi, kuamkia wazee, kuingia msibani na kusema maneno yanayostahili. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na alichopewa ni hela ya chakula tu. Usiku homa ilipompanda mwanafunzi, simu ya kituo iliita mpaka ikakata. Mama akakodi bajaji kwa hela yake mpaka hospitali. Nauli ile hajarudishiwa hadi leo. Cheti cha mwanafunzi kilipotoka kilikuwa na sahihi mbili, na hakuna iliyokuwa yake.

Dhuluma hii ina umri mrefu. Chuo cha lugha za mashariki kilipofunguliwa Berlin mwaka 1887, Wajerumani waliona mapema kwamba hawawezi kufundisha Kiswahili bila Waswahili, wakawachukua wenyeji wa pwani kwenda kufundisha huko. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha "Desturi za Wasuaheli". Sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa ya Mtoro, lakini kilitolewa kwa jina la Carl Velten. Ilibidi kusubiri miaka 78, mpaka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipochapishwa mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likawekwa kwenye kichwa cha kitabu.

Mama wa Kizuiani haombi jina lake lichapishwe Ulaya. Anaomba kodi ya chumba, nauli ya bajaji, na sahihi moja.

Pembeni yake wapo vijana wenye shahada ya Kiswahili. Wamefundishwa na baadhi yenu. Wanauza vocha, wanaendesha bodaboda, wanasubiri ajira za ualimu. Mgeni akipotea Mbagala, hao ndio wanaomrudisha barabarani na kumweleza tofauti ya "amekuja" na "alikuja" wakiwa njiani, bure.

5. Hofu zenu zina majibu

Mnasema usalama. Hoja hiyo ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. Uswahilini kuna vibaka, kuna vichochoro visivyo na taa, na kuna mabonde yanayojaa maji mvua za masika zikianza. Kwa hiyo chagueni nyumba. Mwenye nyumba anayejulikana na mjumbe, choo kizuri, chumba kinachofungwa, na barabara isiyogeuka mto mwezi wa nne: nyumba za namna hiyo ziko nyingi Temeke na Kinondoni. Wanaopora mikoba kwa pikipiki wanaifahamu vizuri sana barabara ya Masaki, maana huko ndiko iliko mikoba. Mtaani kwetu mgeni akichelewa kurudi, nyumba sita zinauliza yuko wapi.

Mnasema lugha itaharibika, mwanafunzi atarudi na Kiswahili cha vijiweni. Waheshimiwa, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na sababu mojawapo ni kwamba kilikuwa kimeshaenea bara pamoja na misafara ya biashara. Wapagazi na wachuuzi walikisema kabla hakijawa cha mtihani. Mwanafunzi mwenye akili atajua kwamba "buku" ni ya genge na "shilingi elfu moja" ni ya insha, kama mtoto yeyote wa Tandale anavyojua. Kazi ya kumwonyesha mpaka huo ni yenu, na kuifanya vizuri kunataka kwanza awe amezisikia lugha zote mbili.

Mnasema haijawahi kufanyika. Imefanyika. Wamarekani wa Peace Corps walianza kuja Tanganyika mwaka 1961, na kwa miaka mingi wafunzwa wao wamekuwa wakiwekwa kwenye familia wakati wa mafunzo ya mwanzo, katika miji kama Muheza na Korogwe. Wakitoka hapo wanakwenda kufundisha fizikia na baiolojia vijijini. Kama Muheza imeweza, Temeke inashindwaje?

Kinachoweza kupotea

Milango imefunguliwa mingi kwa muda mfupi. SADC iliipokea lugha hii kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwezi Novemba 2021. Umoja wa Afrika ukaifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Wanafunzi watakuja, na si Wazungu na Wachina peke yao. Watakuja Waafrika wa kusini na magharibi, ambao mfuko wao haulingani na bei za Masaki.

Lakini sarufi sasa inapatikana bila kupanda ndege. Programu ya Duolingo ilianza kufundisha Kiswahili mwaka 2017, bure, kwenye simu. Mtu akiweza kupata ngeli akiwa kitandani kwake, atauliza anasafiri kufuata nini. Jibu lenu likiwa ni darasa la asubuhi na Forodhani jioni, atakwenda Mombasa au Lamu, ambako wapo wenye nyumba wanaosubiri. Fedha yake itakwenda naye.

Liko na jingine. Anayesoma kwenu leo ndiye mhadhiri wa kesho Bayreuth, Leipzig au Beijing, ambako Kiswahili kimekuwa kikifundishwa kwa miaka mingi. Akirudi huko na Kiswahili cha getini, ndicho atakachowapa wanafunzi wake kwa miaka thelathini. Kisha watu wa Temeke wataambiwa na vitabu kwamba wanaongea vibaya.

Maombi

(a) Wiki mbili za mwanzo, kila mwanafunzi aishi na familia: Temeke au Kinondoni kwa wa Dar es Salaam, Ng'ambo kwa wa Unguja. Hosteli ifuate baadaye kwa anayeitaka.

(b) Mkataba uandikwe, kwa Kiswahili, na nakala ibaki kwa mwenye nyumba. Malipo yaende kwake moja kwa moja kabla mgeni hajaingia, na kiwango kibandikwe kituoni na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mwanafunzi naye akione.

(c) Kila kituo kiwe na namba moja ya simu inayopokelewa usiku, na kila mwanafunzi awe na bima ya afya inayokubalika kwenye hospitali iliyo karibu na nyumba anayolala.

(d) Kabla ya kundi kufika, mwalimu aende mwenyewe kwa mtendaji na mwenyekiti, atoe barua, na aombe dakika kumi kwenye mkutano wa mtaa aeleze wageni wamekuja kufanya nini. Idara ya Uhamiaji nayo ivieleze vituo kwa maandishi utaratibu wa mwanafunzi kulala nyumba ya familia, ili mama asishtuke akigongewa na ofisa.

(e) Kwa kila wanafunzi watano aajiriwe kijana mmoja wa mtaa huohuo mwenye shahada au stashahada ya Kiswahili, alipwe kwa mwezi, atembee nao sokoni, kituoni na zahanati. BAKITA imwingize kwenye kanzidata yake ya wataalamu wa Kiswahili kama inavyowaingiza wengine.

(f) Mwenye nyumba atie sahihi kwenye cheti. Nafasi ipo, chini ya sahihi ya mkuu wa kituo.

Majibu yanaombwa kwa maandishi kabla ya tarehe 7 Julai, siku ambayo wengi wenu mtakuwa jukwaani mkihutubia kuhusu ukuaji wa Kiswahili. Barua zitakazofika zitasomwa kwenye mkutano wa mtaa, na zisizofika zitatajwa kwamba hazikufika.

Majirani wa mwandishi wako tayari kuanza na kundi moja la majaribio likizo ijayo. Vyumba vimeshaangaliwa, vyandarua vipo, na mama wa Kizuiani amekubali kupokea tena kwa sharti la mkataba. Mkuu wa kituo atakayekuwa wa kwanza kuja anaombwa afuatane na mhasibu wake.

Wenu,
Mkazi wa Mbagala, Temeke.

Nakala:
Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA)
Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA)
Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Zanzibar
Wakurugenzi wa Manispaa za Temeke na Kinondoni
Idara ya Uhamiaji